Kisukuma Darasa la Kwanza: Nyumbani kwa Nani?

MWALIMU WA DARASA LA KWANZA: Ninachoomba ni kidogo. Mtoto akiingia darasa la kwanza hapa Segese, mkoani Shinyanga, muhula wa kwanza niruhusiwe kumweleza kwa Kisukuma kile asichokishika kwa Kiswahili. Na katika somo la Utamaduni, Sanaa na Michezo nipewe kipindi kimoja kwa wiki cha hadithi, nyimbo na vitendawili vya huku huku, kwa lugha ya huku huku. Mimi ni Mnyakyusa wa Rungwe, sina shamba wala ukoo hapa. Nimechoka tu kumwona mtoto anayechunga ng'ombe ishirini peke yake, anayemjua kila mmoja kwa rangi yake na kwa mama yake, akifika mbele yangu anashindwa kuniambia wamebaki wangapi.

AFISA ELIMU KATA: Hajashindwa hesabu, mwalimu, ameshindwa Kiswahili. Na dawa ya kutojua Kiswahili ni Kiswahili. Ukimlainishia leo unamwekea deni la darasa la nne, siku atakapokaa mbele ya upimaji wa taifa usiojua neno moja la Kisukuma. Tena huna pa kusimamia. Sera ya Elimu ya 1995, ile ya 2014 na toleo lake la 2023, hakuna hata moja iliyoipa lugha ya kabila nafasi ya kufundishia shule ya msingi.

MWALIMU: Ipo sera nyingine mnayoisahau, ya Utamaduni ya 1997. Inatutaka tujivunie lugha za jamii zetu, tuzifanyie utafiti, tuziandikie kamusi na sarufi. Serikali ni ile ile.

AFISA ELIMU: Kamusi iandikwe, iwekwe maktaba, wanaotaka wakasome. Kuhifadhi ni jambo moja, kufundishia ni jingine. Wewe ni kijana, hujui nchi hii ilifikaje hapa. Sensa ya mwisho kumuuliza Mtanzania kabila lake ilikuwa ya 1967. Redio zetu zinatangaza kwa Kiswahili na Kiingereza, hazipewi leseni ya kuzungumza na kabila moja. Angalia jirani. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Kenya ilizika zaidi ya watu 1,000, na mtangazaji wa redio ya Kikalenjin alipelekwa The Hague kushtakiwa pamoja na wanasiasa.

MWALIMU: Kesi yake ilikoma 2016, hakutiwa hatiani. Lakini tuseme redio zile zilichochea. Rwanda je? Mhutu na Mtutsi wanazungumza Kinyarwanda kimoja, na redio ya RTLM ilitangaza mauaji ya 1994 kwa Kinyarwanda hicho hicho. Somalia nayo ina lugha inayoeleweka karibu kila kona, na tangu 1991 tunajua yaliyoipata. Lugha moja haijamzuia mtu kushika panga. Kilichotusaidia sisi ni siasa iliyokataa kugawa madaraka kwa ukoo, na siasa hiyo haitavunjwa na watoto wa miaka sita wakitegeana vitendawili.

(Mwandishi anaomba nafasi. Hoja ya umoja wa taifa hutolewa katika mijadala ya namna hii kama kadi nyekundu: ikitoka mfukoni, mchezaji anaondoka uwanjani. Safari hii mchezaji hakuondoka, na Afisa, kwa heshima yake, hakuirudia.)

MCHIMBAJI: Mimi ni mzazi na nina watoto watatu katika shule hiyo. Baba yangu alitoka Kasulu akaja kuchimba Bulyanhulu. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo walipoondolewa kupisha mgodi mkubwa, akahamia huku na sisi mgongoni. Nimekulia hapa lakini mimi ni Muha. Sasa niambie, mwalimu: hicho kipindi kimoja, wanangu watakaa nje ya mlango wakisubiri Wasukuma wamalize mambo yao?

MWALIMU: Watakaa ndani. Wanangu wa darasa la kwanza wanaotoka kwenye nyumba za Waha wanazungumza Kisukuma kuliko mimi. Wamekipata kwenye kucheza gololi.

MCHIMBAJI: Umejijibu. Wamekipata kwenye gololi, bila kipindi wala chaki. Basi kwa nini unataka kukipeleka darasani? Na nikwambie habari ya kule kazini. Duarani, yaani shimoni kwenye dhahabu, tunashuka Muha, Msukuma, Mkurya, Mhaya, na siku hizi hata vijana wa Singida. Kamba ikianza kukatika, anayepiga kelele anapiga kwa Kiswahili, tunaelewa wote kwa pigo moja la moyo. Angepiga kwa lugha ya mama yake tungezikwa nusu. Kwenye karasha la kusagia mawe ni Kiswahili, mwaloni tunakooshea dhahabu ni Kiswahili, tukigawana viroba vya mawe na mwenye shamba ni Kiswahili. Hiyo ndiyo lugha iliyonilisha. Mwanangu aijue mapema, aijue vizuri, asidhulumiwe kwenye mkataba kama baba yake.

MWALIMU: Mkataba uliokudhulumu uliandikwa kwa lugha gani?

MCHIMBAJI: Kiingereza.

AFISA ELIMU: Ndiyo maana mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unaleta Kiingereza tangu darasa la kwanza. Sasa mhesabie huyo mtoto wa miaka sita: Kusoma, Kuandika, Kuhesabu, Kiingereza, na mengine. Darasa lenye watoto ambao ukiwapanga sakafuni huoni sakafu. Juu ya hapo unataka kumwongezea Kisukuma.

MWALIMU: Siongezi kitu, hicho Kisukuma anacho tayari kichwani. Ninachofanya sasa ni kumwambia akiache mlangoni pamoja na fimbo ya kuchungia. Afisa, Uganda tangu 2007 watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu wanasoma kwa lugha ya eneo lao, Kiingereza kikiwa somo, na darasa la nne ndiyo wanageuza. Kenya katika mtaala wao wa umilisi wameweka lugha za asili kuwa somo kwa madarasa hayo hayo ya chini. Nigeria walijaribu kule Ife kuanzia 1970, watoto wakasoma shule ya msingi nzima kwa Kiyoruba, na Kiingereza chao hakikudorora. UNESCO ilishauri hivi mwaka 1953, kabla hata hatujapata uhuru.

AFISA ELIMU: Umesoma, nakupongeza, ila hukusoma hadi chini. Uganda hiyo hiyo, Kampala na miji mingine yenye watu mchanganyiko, wanafundisha kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza, maana hakuna lugha moja ya eneo. Kenya mjini lugha ya eneo ni Kiswahili. Kwa hiyo swali ni moja tu: Segese ni kijiji au ni mji?

MWALIMU: Kwenye majosho na mashamba ya mpunga ni kijiji.

MCHIMBAJI: Kwenye karasha ni mji. Usiku njoo uone taa.

AFISA ELIMU: Basi, mtoto wa shule ile ana mguu mmoja huku na mmoja huku. Huwezi kuandika sera ya mguu mmoja.

MAMA LISHE: Samahani, nilikuwa nasikiliza tu huku nakaanga. Mnasema lugha ya nyumbani. Ya nyumbani kwa nani? Mimi Msumbwa. Wasumbwa walikuwa Bukombe, Mbogwe, na huku Kahama, tangu enzi za watemi. Wasukuma walifika na ng'ombe zao wakitafuta malisho, tukawapokea. Leo nikienda sokoni Ushirombo nasalimiwa kwa Kisukuma. Wanangu wanajua Kisumbwa cha kuombea maji. Mwalimu unalia kwamba Kiswahili kinameza Kisukuma. Sisi tulishamezwa, na aliyetumeza ni huyo unayemlilia.

MWALIMU: Hapo mama umenifunga.

MAMA LISHE: Sikufungi. Nasema tu, leo Kisukuma kipo gololini na gulioni, kinanimeza lakini mtu anaweza kubishana nacho. Siku kikiwa na kipindi, kikiwa na mwalimu wa serikali na ubao, mwanangu atarudi nyumbani aniambie Kisumbwa ni kosa la kutamka Kisukuma. Maana ndivyo Wasukuma wanavyosema hata sasa.

AFISA ELIMU: Na Kisukuma kipi, mwalimu? Mimi Msukuma wa Maswa, Mkiiya. Huku Kahama ni Kidakama, tena kimechanganyika na Kinyamwezi. Ukienda upande wa ziwa ni kingine, Bariadi kingine. Ukishachagua kimoja ukakiandikia kitabu, hivyo vingine umeviita lahaja. Halafu maandishi yenyewe: Kisukuma kina irabu saba, sisi tunaandika kwa tano za Kiswahili na kubahatisha. Wanaosoma Biblia ya Kisukuma wanajua. Wazee wanaisoma vizuri kwa sababu maneno wameshayahifadhi, lakini mpe kijana uone anavyopapasa.

BIBI: Wewe mwanangu wa Maswa, ukizungumza Kisukuma wajukuu zangu wanacheka.

AFISA ELIMU: Ndiyo ushahidi wenyewe, bibi.

BIBI: Wanacheka lakini wanakuelewa. Ndugu akicheka unavyozungumza hajakufukuza nyumbani. Endelea.

AFISA ELIMU: Niseme lingine ambalo mwalimu hatalipenda. Tunasema utamaduni, utamaduni. Upi? Utafiti wa afya wa 2010 ulionyesha katika mkoa wetu wa Shinyanga wanawake 59 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza 18. Hakuna mkoa uliotushinda. Ipo chagulaga, vijana wanamzingira binti akitoka gulioni au kwenye ngoma, achague mmoja wao, na asipochagua hapiti. Wapo bibi zetu waliokatwa mapanga usiku kwa sababu mganga kasema ni wachawi. Albino waliwindwa mikoa hii kuanzia 2007, dunia nzima ikatujua kwa hilo. Mimi nikimfungulia utamaduni mlango wa darasa, utaniambia ni nani atasimama hapo kuchagua kinachoingia?

BIBI: Mtaniacha niseme? Hayo ya mapanga nayajua kuliko wewe. Macho yangu haya mekundu, wanayoyaita ya mchawi, ni ya moshi. Nimepika kwa mavi ya ng'ombe na mabua miaka yote kwa sababu kuni zimekwisha. Kuna miaka nililala kwa jirani, nikasikia watu wanajadili macho yangu. Lakini niambie, wale waliokuwa wanakuja usiku walifundishwa na nani? Hakuna bibi aliyewasimulia hadithi ya kukata bibi. Walikuwa na deni la ng'ombe, au walitaka shamba la mjane, au mpiga ramli alilipwa. Na huyo mpiga ramli siku hizi anabandika tangazo kwenye nguzo ya umeme, kwa Kiswahili safi, na namba ya simu. Mbona hamkukifukuza Kiswahili shuleni?

AFISA ELIMU: Nimekusikia, bibi.

BIBI: Hujasikia. Chagulaga ni mbaya na mimi nilikimbizwa. Mjukuu wangu simwambii kwamba ni nzuri. Namwambia kwa Kisukuma kwamba ni mbaya, na akielezwa kwa Kisukuma anajua ninazungumza habari yake. Wakija watu wa semina na vipaza sauti wakamwambia kwa maneno ya kitabu, anadhani ni habari za watu wa mbali.

MWALIMU: Bibi, hilo ndilo nilikuwa nalitafuta maneno yake tangu asubuhi. Afisa, chukua ngitili. Mababu wa hapa walikuwa wanafunga kipande cha malisho mvua zikianza, hakuna ng'ombe kukanyaga hadi kiangazi kikali. Ukoloni ukaja, vijiji vya pamoja vya miaka ya 70 vikaja, watu wakahamishwa wakaziacha, na Shinyanga ikapewa jina la jangwa. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, ikapanda miti ya kigeni, wananchi hawakuwa na habari nayo. Wataalamu walipowauliza wazee, wakaambiwa ngitili. Waliporudia ngitili, malaki ya hekta yakarudi kuwa kijani, na mwaka 2002 mradi ukapewa Tuzo ya Ikweta na Umoja wa Mataifa. Sasa mimi nafundisha Afya na Mazingira katika wilaya ambayo maarifa yake yametuzwa duniani, na nikiwauliza watoto wa mji huu ngitili ni nini, nusu hawajui. Wanajua zebaki ya kukamatia dhahabu.

MCHIMBAJI: Unatusema sisi.

MWALIMU: Nasema wanajua kinachotajwa mbele yao.

MCHIMBAJI: Lakini hayo ya ngitili umeyasema kwa Kiswahili, mwalimu, na nimeyaelewa yote. Kwa mara ya kwanza, nikiri. Fundisha hayo! Fundisha ngitili, fundisha sungusungu walivyoanza huku Kahama miaka ya 80 wizi wa mifugo ulipozidi, fundisha Wagalu na Wagika wanavyoshindana ngoma baada ya mavuno. Mwanangu Muha ajue kwamba anakaa kwa watu wenye mambo yao. Kwa Kiswahili. Hapo mimi na wewe hatugombani.

AFISA ELIMU: Na mtaala unaruhusu. Somo lipo, Utamaduni, Sanaa na Michezo, na darasa la tatu kuna Historia ya Tanzania na Maadili. Hakuna atakayekushika.

MWALIMU: Ndivyo ilivyomkuta Kitereza.

MCHIMBAJI: Nani?

MWALIMU: Aniceti Kitereza, mzee wa Ukerewe. Mwaka 1945 alimaliza riwaya kubwa kwa Kikerewe, habari za Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, na ndani yake kaweka kila kitu: jinsi ya kutengeneza pombe, ya kuposa, ya kutibu, ya kuvua. Alitafuta mchapishaji wa Kikerewe hadi akazeeka. Hakumpata. Mwishowe akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, Tanzania Publishing House wakaitoa mwaka 1980, na yeye akafariki 1981.

AFISA ELIMU: Unaona? Kiswahili kikamwokoa. Bila Kiswahili wewe wa Rungwe usingemjua.

MWALIMU: Kiswahili kikamwokoa baada ya kumwambia asubiri miaka thelathini na mitano. Wakerewe wamepata kitabu chao kwa lugha ya jirani. Sisemi ni bure. Nasema kuna bei, na wanaolipa ni wale wale kila mara.

(Kuhusu Kitereza wote wawili wana haki, na ndiyo maana jina lake linafaa mezani kuliko sera zote zilizotajwa. Tuendelee.)

AFISA ELIMU: Bei nimelipa mimi. Nilisoma shule ambayo ukiteleza ukasema Kisukuma unavalishwa kibao shingoni, unakitembeza mpaka umkamate mwenzako naye kateleza, umvalishe. Jioni aliyelala nacho anachapwa. Nilikivaa. Na leo nazungumza Kiswahili mbele ya mkuu wa mkoa sitetemeki. Watoto wa rika langu ambao hawakuvalishwa chochote kwa sababu hawakwenda shule, wako wapi?

BIBI: Wako hapa. Wanakuuzia mchele.

MWALIMU: Afisa, nimewahi kusoma habari za Waojibwe, watu wa asili wa Kanada na Marekani, wa kando ya maziwa makubwa ya kule. Serikali ziliwachukua watoto wao kwa nguvu zikawaweka bweni, wakikutwa wanasema Kiojibwe wanaadhibiwa. Kanada shule za namna hiyo zilidumu hadi miaka ya 1990, kisha ikaundwa tume ya ukweli na maridhiano, 2008 hadi 2015, watu wazima wakasimama wakilia wakieleza kibao chao. Sasa kule Wisconsin, Waojibwe wa Lac Courte Oreilles wana shule iitwayo Waadookodaading. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 inafundisha watoto wadogo kwa Kiojibwe. Masomo yanafuata majira: kuvuna mpunga mwitu ziwani, kuchemsha utomvu wa miti kupata sukari, na hesabu zinafanyikia hapo hapo. Wazee wachache waliobaki na lugha wakafanywa hazina ya shule.

BIBI: Hao walibaki wachache. Sisi ni wachache?

MWALIMU: Hapana, bibi. Atlasi ya lugha iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2009 inawahesabu wasemaji wa Kisukuma zaidi ya milioni tano. Hakuna lugha ya kabila iliyokizidi nchini.

MCHIMBAJI: Basi mgonjwa hayupo na mnagombania dawa.

BIBI: Yupo. Nina wajukuu Kahama mjini, baba yao mwanangu, mama yao Msukuma wa Geita. Wakija likizo wananiambia shikamoo bibi. Nawaambia mwangaluka, wanaangaliana wanacheka. Baada ya hapo hatuna la kusema. Nawapa karanga. Wanakaa na simu. Hakuna aliyewavalisha kibao, hakuna Mzungu aliyewachukua. Baba yao tu aliona Kiswahili kinatosha. Na hata yeye, akinipigia simu watoto wakiwa karibu, anazungumza Kiswahili na mimi mama yake.

MWALIMU: Kwa hiyo uko upande wangu.

BIBI: Siko. Wewe una moyo mzuri, binti yangu, ila unataka kuipeleka shuleni. Nimeona shule inavyofanya. Ngoma zetu waliingiza shuleni: watoto wanapangwa mistari, wanavaa magunia, mgeni rasmi akifika wanacheza bugobogobo dakika tano, majembe hewani, wanapiga saluti. Bugobogobo ni ya kulima! Inachezwa shambani, jembe liko kwenye udongo, mtu kachoka, ngoma inamvuta. Ile ya mgeni rasmi sijui ni nini. Na hadithi zangu mtaziandika, mtaweka maswali chini, mhusika mkuu ni nani, tumejifunza nini. Mwishowe mtazipa maksi. Mjukuu wangu ataniletea karatasi nyumbani, kapata sifuri ya Kisukuma, kasahihishwa na mtu wa Rungwe.

MWALIMU: Nisipokipeleka mimi, bibi, watajifunzia wapi? Umesema mwenyewe mwanao wa Kahama hakuwafundisha.

BIBI: Mtafute mwanangu umwulize. Hiyo ni kazi yake. Mmezoea kila baba akishindwa jambo, analibeba mwalimu.

MCHIMBAJI: Hapo bibi nakupigia makofi.

MWALIMU: Usipige haraka. Wewe, mapacha wako wanaitwa nani?

MCHIMBAJI: Kulwa na Doto.

MWALIMU: Kwenu Kasulu wangeitwaje?

MCHIMBAJI: Bukuru na Butoyi. Mama yao ndiye aliyechagua, na hapa kila mtu angewaita Kulwa na Doto hata tungekataa.

BIBI: Na akizaliwa mwingine nyuma yao ni Shija.

MCHIMBAJI: Ameshazaliwa. Ni Shija.

MWALIMU: Basi usiniambie jambo hili haliwahusu watoto wako.

MCHIMBAJI: Linawahusu, sikatai. Ila linawahusu kama linavyomhusu mgeni aliyepewa kiti. Siku mkianza kupanga nani ni wa hapa kwa lugha, kiti hicho nitaulizwa risiti. Wewe umetoka Rungwe, una barua ya ajira na namba ya utumishi. Mimi nina koleo. Mgodi ukifunga duara kesho, au mwenye shamba akinikataa, kitu pekee kinachonipa haki ya kubaki Segese ni kwamba hakuna anayeniuliza kabila. Afisa kasema sensa ya 1967. Wewe umeona ni hadithi ya kale. Mimi naishi humo.

MAMA LISHE: Kweli tupu.

MWALIMU: Sina jibu la hilo, kaka. Ninacho cha mtoto mmoja tu, yule wa ng'ombe ishirini. Naye nitamwambia nini?

AFISA ELIMU: Mwambie kwa lugha yoyote atakayoelewa, mwalimu. Nadhani hata mdhibiti ubora akiingia darasani akakukuta unamwinamia mtoto unamnong'oneza Kisukuma, atapita. Ila usiandike. Ukiandika kwenye andalio la somo kwamba lugha ya kufundishia ni Kisukuma, sitaweza kukutetea, na azimio la kazi likifika ofisini kwangu lina kitu hicho nitalirudisha. Hicho kipindi cha hadithi weka chini ya Utamaduni, Sanaa na Michezo, na kiandike kwa Kiswahili.

MWALIMU: Ruhusa ya kunong'ona.

AFISA ELIMU: Ndiyo niliyo nayo.

MWALIMU: Na msimuliaji? Mimi siwezi, bibi kashasema. Kuna kasma ya kumlipa mzee anayekuja shuleni?

AFISA ELIMU: Hakuna. Walimu wenyewe hawatoshi, wa kujitolea wanalipwa kwa michango ya wazazi. Labda zile fedha za mgodi zinazopitia halmashauri, lakini hizo wanataka kuona jengo. Hadithi haipigwi lipu.

BIBI: Sijaomba hela. Nitakuja Ijumaa mkishamaliza masomo, nitakaa chini ya mti, si darasani. Atakayekuja aje, Muha, Msumbwa, yeyote. Asiyeelewa atamwuliza wa pembeni yake. Hakuna kuandika, hakuna kupima. Na wewe mwalimu ukae chini na watoto, usisimame na fimbo.

MAMA LISHE: Kama ni hivyo na mimi nakuja na Kisumbwa changu.

BIBI: Njoo.

AFISA ELIMU: Bibi, jambo lisilo kwenye ratiba likileta ajali, mtoto kaumwa na nyoka chini ya huo mti, wa kwanza kuulizwa ni mimi. Baada ya masomo watoto wanatakiwa wawe nyumbani.

BIBI: Nyumbani kwao hakuna mtu, mwanangu. Baba yuko duarani, mama yuko mwaloni.

MCHIMBAJI: Wangu mama yao yupo.

BIBI: Basi naye aje. Kiha hajasahau?